Magunia Mawili Nikae Chini

Nakumbuka usiku mmoja wa Krismasi ambao watu wa Tongaren wakiusimulia hadi leo hushika mbavu kwa kicheko. Mimi sicheki, mwanangu. Wakianza, huinuka nikasingizia chai iko motoni. Lakini wewe sasa umekua, na ningependa uusikie kwangu kabla hujausikia kwa wanaocheka.

Ile njaa ya mahindi ya manjano ya msaada ilikuwa imepita. Yale mahindi tuliyala huku tumenuna, kisha msimu uliofuata Mungu akalikumbuka shamba, tukavuna mpaka tukakosa pa kuweka. Kwa hiyo wazazi walikubali tufanye sherehe katika stoo ya jirani yetu Mzee Makokha, mradi tuchangishe mabati ya shule ya nasari. Magunia yalisukumwa ukutani yakawa viti, karabai mbili zikatundikwa, na mjomba akaja na gita lake pamoja na mtu wa kumkwaruzia chupa ya soda. Usione vijana wa siku hizi na spika zao, sisi tulitimua vumbi kwa gita moja na chupa.

Mchango wenyewe ulikuwa mchezo, na mwenye kuuendesha alikuwa Mwalimu Barasa. Ukitaka fulani acheze na fulani, unaahidi gorogoro kadhaa za mahindi, ule mkebe wa kupimia sokoni. Aliyetajwa akikataa, sharti atoe maradufu ndipo aruhusiwe kukaa chini.

Tulicheka, sitakudanganya. Mke wa Mzee Makokha alikuwa hasemi na mumewe tangu auze mtamba bila kumwambia. Mzee akasimama, akaahidi gorogoro kumi ili mkewe acheze naye. Mkewe akajifunga leso polepole akasema, "Naenda juu ya watoto wa nasari, si juu yako," na wimbo wa tatu ulimkuta ameegemea bega la mzee. Wasichana wa kwaya nao walimnunulia katekista Petero dansi na Mama Rispa, mjane aliyekuwa haonekani popote ila kanisani. Katekista alicheza ameangalia paa wakati wote, lakini Pasaka ilipofika ndoa yao ilitangazwa. Ndiyo sababu watu huusimulia usiku ule kwa furaha, kwani kila aliyeingia mle na upweke wake alitoka na mtu, isipokuwa mimi.

Mimi nilimpenda Wafula. Nasema wazi sasa kwa kuwa wakati wa kusema ulikwisha pita. Alikuwa akiendesha trekta ya mkulima mmoja upande wa Kitale, na kila mwisho wa mwezi akirudi nyumbani alipita kwetu kumsalimu mama yangu, ingawa kwetu si njiani kwake. Hakuwa ameniambia neno, nami sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimelelewa kwamba msichana wa heshima hakubali mara ya kwanza, anayemtaka na aje mpaka njia ichakae.

Basi Wafula akasimama. "Mwalimu, mimi natoa gunia nzima. Nasimiyu acheze na mimi."

"Gunia? Ati gunia nzima? Sasa utakula nini, bana?"

"Nitakula baadaye."

Vigelegele vilipigwa, maana hakuna aliyekuwa hajui gunia zima lilikuwa na maana gani. Shangazi zangu waligeuka wote kunitazama. Moyo wangu ulikuwa umeshaenda, mwanangu, miguu tu ndiyo iliyobaki. Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Oneni vile anaiva!" Hapo nikausikia mdomo wangu ukipaza sauti, "Natoa magunia mawili nikae chini!"

Stoo nzima ilipasuka kwa kicheko. Na kicheko cha watu hulevya kama busaa, ukionja kidogo wataka kingine. Nikaongeza, "Na gorogoro moja juu, acheze na Nekesa, huyo ndiye hana mtu!"

Nekesa alikuwa binti wa baba mdogo, mpole, hakuwa amemkosea yeyote. Wafula alinitazama kwa muda, kama anayengoja niseme jingine. Mimi nikawageukia waliokuwa wakicheka. Akamwendea Nekesa, akampa mkono, wakacheza vizuri sana, nami nikawatazama nikiwa nimeketi pale nilipolipia kuketi.

Asubuhi nilikuwa nikifagia stoo alipoingia dada yake baba, tuliyemwita Senge.

"Wafula unampenda ama humpendi?"

"Nampenda, Senge."

"Sasa jana ulikuwa unafanya nini?"

"Si nyinyi mlisema msichana akatae kwanza?"

Senge akaketi. Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. "Msichana anakatalia jikoni, mama. Anakatalia kwa mama yake na kwa mimi, na kijana akisikia anacheka, kwa sababu anajua. Haezi katalia mahali watu wanamcheka. Yule atarudi kwenu na uso gani? Tupa hiyo fagio. Enda kwao sasa hivi, basi ya Kitale haijapita kumchukua."

Sikwenda. Nilijiambia atakuja Mwaka Mpya, na akija nitamwonyesha uso mzuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililivunja kwa kusimama tu na fagio mkononi. Mwaka Mpya ulifika, hakuja. Mashamba yakaanza kulimwa, nikajipa moyo kwamba trekta ndiyo inayomzuia. Kisha nikasikia ameonekana kwa baba mdogo. Mvua ziliponyesha wazee wake walikuja, wakapita mbele ya mlango wetu wakaingia wa pili, kwa baba mdogo.

Niliitwa kupika, maana mimi ni binti wa boma lile lile. Nilisonga ugali wa wageni waliokuja kumposa Nekesa. Kila aliyeingia jikoni akaona macho yangu alilaumu kuni mbichi, nami nikaziacha zilaumiwe.

Baadaye niliolewa na mtu wa Misikhu, mfanyabiashara wa nafaka, mtu mwema. Hakunipiga, hakuninyima. Nilimheshimu mpaka nikamzika, na sikuwahi hata siku moja kusikia hatua zake mlangoni nikafurahi. Aliishi na mwanamke asiyekuwepo, na nadhani alijua. Hilo nalo ni langu la kubeba.

Siku tuliyomzika baba yangu, miaka ya tisini, Wafula alileta trekta kubeba viti. Alikuwa shemeji yangu kwa miaka mingi, wa kuonana Krismasi na matangani. Tukabaki wawili tukipanga viti juu ya trela.

"Shemeji," akasema, "nikuulize kitu ya zamani. Ile siku ya magunia. Nilikuwa nimekukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Nilikuwa nangoja uniulize mara ya pili."

Alikishika kiti alichokuwa nacho, hakukipandisha wala hakukishusha. "Mimi nilidhani umemaliza," akasema. Kisha Nekesa akamwita, naye akaenda.

Watu husema machungu huisha, mwanangu. Hayaishi, mtu huzoea tu. Nami sikuambii haya ili unihurumie, maana huruma haitanirudishia kitu. Umtakaye usimkatae ili watu wakusifu, kwani wale waliocheka usiku ule walikwenda kulala na wapenzi wao, wala hakuna aliyebaki kunishika mkono. Ikiwa humtaki, mwite kando umwambie kwa heshima, asiaibike. Na ukiteleza, kwa kuwa sote huteleza, usingoje mwenzako aelewe ulichokificha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyejikwaa ulimi akaenda siku hiyo hiyo kuomba radhi bado ana tumaini. Mimi nilingoja wiki moja tu, ikawa maisha yangu yote.

Mungu akufungulie kinywa siku utakayokihitaji, akakifunge siku watu watakapokuchochea. Akupe mtu utakayefurahi akiingia mlangoni, na uzeeke kando yake. Mimi sikupata hilo. Wewe ulipate, mwanangu, na usilipite.