Mfereji Nje ya Ukuta

Mwaka niliofilisika nilikuwa na digrii mbili, vyumba vinne vya wageni Diani, na mfereji mmoja, bomba la kutekea maji, nje ya ukuta. Vyumba vilichukuliwa. Digrii hakuna aliyezitaka. Ninayotaka kusimulia ni habari ya mfereji.

Wageni walikuwa wameadimika tangu zile vurugu za Likoni, za kabla ya uchaguzi. Kisha ikaja mvua iliyosahau kukoma. Visima vya majirani vikafurika, maji ya vyoo yakaingia humo, na watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba wakikataza watu kuyanywa. Kisima changu kilikuwa kirefu, kimechimbwa kwa mashine, na pampu yake ilikuwa ya umeme. Basi mtaa wote wa nyuma ukawa unateka kwenye mfereji nilioutoa ukutani, upande wa njia. Niliutoa kwa ajili ya mtunza bustani, ili asinikanyagie nyasi na ndoo zake. Nilikuwa mtu wa kupenda nyasi.

Mahakama iliponitangaza mufilisi, ofisa aliyekabidhiwa mali yangu alinieleza mambo kwa upole, kama daktari. Deni la zamani la umeme lingengoja zamu yake pamoja na madeni mengine. Lakini umeme wa kesho ulikuwa jambo jingine. Kampuni haikulazimika kumwamini mtu kama mimi. Ilitaka amana au mdhamini, la sivyo ingekata Jumatatu. Amana sikuwa nayo. Na mdhamini wa mufilisi utampata wapi? Ukimwona anakuja, ujue hajasikia habari.

Siku kadhaa nilijifungia ndani kwa aibu. Mwishowe nikamwendea jirani aliyekuwa akiuza viazi vya karai karibu na lango langu, mama wa rika langu ambaye hakuwahi kuniita jina lolote ila Mwalimu.

"Dada," nikamwambia, "Jumatatu stima itakatwa kwa kuwa sina mdhamini, na pampu itasimama. Waambie watu wajaze mitungi mapema."

Aliacha kijiko ndani ya mafuta. "Ikatwe? Na sabili ya mamako je?"

"Sabili gani?"

"Mwalimu, usinifanyie unyenyekevu. Maji uliyomtolea mamako sadaka."

Ndipo nikaelezwa maisha yangu. Mfereji ule ulifunguliwa wiki ileile tuliyosoma arubaini ya mama, kwao Munje. Mtaa ukajumlisha: mtoto amefiwa, na mara katoa maji njiani, kila apitaye anywe bila kuuliza. Pwani yetu ya kusini ikiona hivyo haihitaji kutangaziwa. Jina la mama walilipata kwa shoga mmoja wa huyu muuza viazi, rafiki yake aliyeolewa Munje. Tangu hapo, kila Ijumaa, anayeteka wa kwanza humsomea marehemu Fatiha. Na mimi kutosema neno wakaona ndiyo adabu yenyewe: mkono wa kulia umetoa, wa kushoto haujui. Kwa kweli haukujua hata kidogo. Nimewahi kuandika vitabu na kusomwa vibaya na wahakiki, lakini hakuna aliyepata kusoma ndani ya kazi yangu uzuri mwingi kiasi hicho ambao sikuuweka.

"Dada, mfereji ule ni wa mtunza bustani," nikasema. "Ni kwa sababu ya nyasi."

Alinitazama, akatazama nyasi. "Hukunuia?"

"Sikunuia."

Akageuza viazi vyake, kimoja kimoja. "Basi sisi tumekunuilia. Maji yamenywewa, na dua zimesomwa. Utazirudisha vipi?"

Jumatatu fundi wa umeme alifika na ngazi begani, mtu mzima kutoka bara, mwenye haraka. Akakuta wanawake wamejipanga mferejini na mitungi, kama siku yoyote nyingine, ila hakuna aliyekuwa akiondoka.

"Wamama, nipeni njia, niko kazi."

"Pita, baba," akasema muuza viazi. "Nguzo hiyo hapo. Lakini kunywa maji kwanza, jua limekupiga."

"Mimi najua hii maji. Nikikunywa, mtasema siwezi kata."

"Hatutasema. Utajisemea mwenyewe."

Wakacheka, naye akacheka, akanywa. Kisha akaelezwa kwamba imamu wa msikiti wa mtaa ametoka na baiskeli tangu asubuhi kwenda ofisi ya umeme, Ukunda, kuuweka msikiti uwe mdhamini. Akaegemeza ngazi na kukaa kivulini. Nilisimama langoni mwangu bila kazi. Mtaa ulikuwa ukinidhamini, na mimi hata kikombe cha kumpa fundi sikukitoa. Kilitoka kwa muuza viazi.

Imamu alirudi shati limelowa jasho, na karatasi yenye muhuri mfukoni. Msikiti ungedhamini mita ya pampu, ambayo ilikuwa tofauti na mita ya nyumba, na kulipa bili yake kutoka sanduku la sadaka. Ofisa wa mahakama alikuwa ameridhia.

"Na ya nyumba?" fundi akauliza.

Imamu alinitazama kwa huruma. "Ya nyumba hatukuizungumza, Mwalimu. Hiyo haikuwa sabili."

Fundi akapanda ngazi, akakata waya wa nyumba yangu, akashuka. Pampu ikaendelea kunguruma.

Bomba la kupandisha maji ndani lilitegemea mota iliyokuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nilichukua mtungi, nikavuka nyasi zangu, nikazunguka ukuta wangu na kusimama kwenye foleni. Hakuna aliyenipisha, wala sikutaka. Mbele kabisa alikuwepo mwanamke nisiyemjua. Akafungua mfereji, akaacha maji yakimbie kidogo juu ya vidole vyake, kisha akalitaja jina la mama yangu, pamoja na la baba yake mama, sawasawa kabisa, kwa sauti ya mtu anayemsalimia jirani. Nyuma yake foleni nzima ikainua mikono.

Nami nikauweka mtungi chini kwanza, nikainua yangu.

Aliyenunua mahali pale baadaye alibomoa vyumba vyote vinne na kujenga ukuta mpya, mrefu zaidi. Mfereji aliuacha nje.