Aliyeshika Plagi ya Moto

Najua fundi cherehani akianza kuapa, watu hutafuta mlango. Nimewaambia wateja "njoo Ijumaa" Ijumaa nyingi, na wakija wanakuta suruali zao bado ni kitambaa. Sawa, huo ni uongo wa kazi. Lakini hili la pikipiki ya baba si la kazi. Lilinitokea mimi, mchana kweupe, kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko, mwaka ule wa sabini na tisa watu walipokimbia. Sikuwa nimelala, wala sikuwa nimelewa. Mimi mtoto wa Kinubi, Mwislamu, pombe sijaionja. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Serikali ilikuwa imeanguka. Wale waliokuwa wanakuja na bunduki hawangetuuliza sisi watoto wa wanajeshi nani alifanya nini. Dada yangu Zainabu alipata nafasi kwenye lori la mwisho pamoja na watoto wake. Mama hakuweza kupanda. Kifua kilikuwa kimembana, hata kukaa kitako kulimchosha, na kwenye lori watu walisimama wamebanana. Zainabu akanishika shati.

"Mimi nangoja Oraba, pale kwa mpaka," akasema. "Wewe leta mama. Leta yeye mzima, wewe nasikia?"

Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu. Niliapa kwa kutegemea nini? Nilitegemea pikipiki ya baba, ndiyo maana nasema nilikuwa mjinga.

Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, nyeusi, nzito, ambayo baba aliinunua kwa Mzungu mmoja wa tumbaku. Mnyororo wake ulimkata baba kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na bado akaipenda kuliko sisi. Alikuwa askari. Miaka ya mwanzo ya utawala ule, gari la jeshi lilikuja kumchukua, na hakurudi. Hatukuletewa maiti, hatukuletewa hata kofia. Kwetu mtu akifa hufanyiwa karama: jamaa huitwa, dua husomwa, watu wanakula, na marehemu anaachiwa aende zake. Mama alikataa katakata. "Karama ya mutu mzima?" alikuwa akisema. "Nionyeshe mimi maiti yake kwanza." Kwa hiyo miaka yote ile sahani ya baba iliwekwa mkekani kila jioni, na pikipiki ikakaa chini ya turubai. Hakuna aliyethubutu kuipanda.

Asubuhi ile niliifunua. Petroli niliitia. Nikabonyeza kile kitufe cha kabureta mpaka petroli ikanilowesha vidole, nikapiga kiki. Kimya. Nikafungua plagi, nikaikuta imelowa, nikaifuta kwa kipande cha kanga. Nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki nione kama inatoa cheche. Cheche ilikuwepo. Sasa niambie wewe: petroli ipo, cheche ipo, kwa nini isiwake? Nikasugua pointi kwa msasa, vile vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Nikapiga kiki mpaka goti likavimba. Miguu yangu imezoea pedali ya cherehani, ambayo ukiibembeleza inakubali. Hii niliibembeleza ikanirudishia teke.

Jirani yetu Mama Halima alikuwa anapita na mzigo kichwani. Akasimama kidogo.

"Mwanangu, hiyo pikipiki iko na mwenyewe," akasema. "Nyinyi hamufanyi karama yake, sasa wewe nataka iwake?"

"Mama Halima, ni plagi tu."

"Plagi!" akasema, akaenda zake bila kugeuka.

Mwishowe niliisukuma kwenye mteremko, ikakohoa, ikawaka. Nilikuwa nimeshona mkanda mpana wa turubai, mshono mara mbili, nikamfunga mama mgongoni kwangu kama watu wanavyomfunga mtoto. Alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Tukaondoka Arua, na nyuma yetu mji ulikuwa mtupu, milango wazi, mbuzi wakitembea madukani.

Tulipopita Manibe, mvua ikashuka na pikipiki ikazima. Nikamshusha mama, nikamlaza ukingoni na kumfunika turubai. Nikarudia yote: kabureta, plagi, pointi, kiki. Nikaisukuma, lakini matope yalikuwa yameshika magurudumu. Pande zote mihogo ya watu na hakuna mtu. Nyuma milio ya bunduki ilikuwa inasikika, mbali lakini si mbali sana. Mama alikuwa anapumua kwa sauti ya kitu kinachokwaruza. Nikakaa kwenye tope nikalia. Ndiyo, mwanamume mzima na ndevu zake. Nililia kwa sababu ya ile ahadi.

"Iko nini?"

Mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa pikipiki, amevaa koti refu la jeshi, kofia ya koti imeshuka usoni. Hatua zake sikuzisikia. Mvua ilikuwa inanyesha, niamini, na mabegani mwa koti lile kulikuwa na vumbi kavu.

"Imekataa, mzee," nikasema.

"Haikataa. Iko baridi. Fungua plagi."

Nikaifungua, nikampa. Akachovya ncha yake kwenye petroli, akawasha kiberiti, na kiberiti kikawaka katikati ya mvua. Plagi ikashika moto. Kuchoma plagi ni jambo la kawaida, mafundi hufanya hivyo injini ikipoa, lakini huishika kwa koleo. Yeye aliiweka kiganjani ikiwaka, akaingoja kama mtu anayengoja chai ipoe. Kisha akairudisha mahali pake kwa vidole vitupu. Mimi chuma kile kilinigusa kidogo tu, na kovu lake hili hapa mpaka leo.

"Piga," akasema.

Nilipiga mara moja tu na ikawaka. Mama, ambaye tangu juzi hakuwa amesema neno, akafungua macho.

"Baba ya Zainabu," akasema, "wewe nachelewa sana."

"Barabara ilikuwa mbaya," yule mtu akamjibu.

Utaniuliza, wewe, hukumtambua baba yako? Nilidhani mama anaweweseka kwa homa. Na uso wa yule mtu sikuutazama, nilikuwa natazama injini isije ikazima. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa na nafasi ya kumtazama baba nikatazama chuma.

Nikamfunga mama mgongoni upesi. Nilipoinua kichwa nishukuru, barabara ilikuwa tupu. Nikasema moyoni, ameingia mihogoni. Tukaondoka, na pikipiki ikawa nzito nyuma, springi zimelala kabisa, kama nimebeba watu wazima wawili. Haikukohoa hata mara moja. Njiani nilimsikia mama akiongea kwa Kinubi, sauti ya chini, akicheka kidogo. Miaka mingapi sikuwa nimesikia kicheko kile! Nikafurahi, nikasema anapona. Karibu na Koboko akanyamaza. "Mama, Koboko ile," nikamwambia. Nikadhani amelala, nikapita mji bila kusimama.

Pale Oraba, Zainabu alitokea katikati ya watu na mizigo akikimbia. Alifungua mkanda mwenyewe. Nikahisi mgongo wangu umeingia baridi, na nikasikia dada yangu akimwita mama, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mimi nakuambia wewe leta yeye mzima," akasema baadaye, polepole. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Wanawake waliomwosha mama walimwita Zainabu aje aone. Chini ya mkanda wangu, mahali ambapo hata mimi nisingeweza kupenyeza mkono, ubavuni kulikuwa na alama za mikono miwili ya oili nyeusi, za mtu aliyemshika kutoka nyuma asianguke. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitano. Wa kushoto vinne. Waliosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Mama alizikwa ugenini, ng'ambo ya mpaka, na alama zake.

Tulifanya karama huko huko, kwa mtama wa kuomba, dua moja kwa majina mawili. Kuanzia siku ile pikipiki haijawaka tena. Tangu turudi nyumbani nayo, mafundi wa Arua na wa Koboko wameifungua na kuifunga; wote wanasema haina ubovu.

Basi nakuonya. Mtu wako akipotea, usingoje maiti. Mfanyie karama, umwache apumzike, usimfanye atembee barabara mbaya kwa ajili yako. Na ukimfunga mgonjwa mgongoni, simama njiani, geuka umtazame, hata kama injini itazima. Acha izime.

Mimi nilijua nikiwa nimechelewa. Zainabu ananikataza, anasema nitamsumbua mzee bure, na najua anasema kweli. Lakini mvua kubwa ikinyesha mchana naacha cherehani, naenda uani, naifungua ile plagi na kuichoma. Napiga kiki mpaka goti linakataa. Halafu nakaa pale, na safari hii siitazami injini.