Chokoleti za Sikukuu ya Jirani

Kwa miaka mitatu, kuku wangu walifuturu vizuri kuliko Waislamu wengi wa Manzese.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kiarabu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mumewe ana duka la vitenge. Kila Ramadhani, jua likianza kushuka, ananiletea sahani ya tambi za sukari zilizopikwa kwa nazi na iliki. Mimi ni mtu wa ziwani. Nimekulia ugali na samaki, na tambi zenye sukari hazinipandi kabisa. Nazipokea kwa mikono miwili, nasema ahsante, kesho yake namwambia zilikuwa tamu sana. Kumbe nilizimwaga uani, kuku wanne wakazigombania.

Mwaka huu ndipo aibu iliponishika. Ramadhani na Kwaresima zilipandana, na mimi nikajinyima kila kitu chenye sukari. Wiki ya pili tu nilikuwa naota soda. Nikamfikiria yule mama, kutwa nzima hana hata tone la maji kinywani, anasimama kwenye jiko la mkaa anikorogee mimi tambi zikale kuku. Nikajiona mtu mbaya. Kumwambia ukweli niliogopa, ningempoteza. Nikaamua nimlipe kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, kimyakimya, tuwe tumemalizana bila yeye kujua.

Na njia ilikuwepo, maana mtaani kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Siku zote nilikuwa nairudisha na ndizi mbivu. Safari hii nikaenda Mwenge, kwenye duka la vifaa vya keki, nikanunua vipande vya chokoleti ya kupikia na trei mbili za mpira laini zenye vishimo vya nyota na mwezi mwandamo. Nilifurahi kama mtoto.

Siku moja kabla ya Idi nikachemsha maji kwenye sufuria, nikaweka bakuli juu yake, chokoleti ikayeyuka taratibu. Niliikoroga kwa subira ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuiona. Nikamimina, nikagongagonga trei mezani mapovu yatoke, nikaziingiza kwenye friza bila kuzifunika, kwa sababu joto la Machi lingezigeuza uji. Sikuonja. Hata kijiko sikulamba. Nilikwisha kujitangaza kwenye jumuiya kwamba sukari nimeacha hadi Pasaka, na majivuno yangu hayakuruhusu.

Asubuhi ya Idi nikazitoa zikiwa zinang'aa, nikazipanga kwenye sahani yake, nikampelekea. Alipiga vigelegele mlangoni. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikidhani deni la dhambi limefutika.

Pasaka ilipofika nikakumbuka nne nilizojibakishia kwenye friza. Nikatia moja mdomoni. Mwanzo ilikuwa chokoleti. Ilipoyeyuka, ikawa sato.

Sato wa kubanika, wale kaka yangu aliowaleta na basi kutoka nyumbani, mfuko mzima, uliokaa wazi kwenye friza ileile tangu Februari. Pua zetu zilishawazoea, hakuna aliyewasikia. Mume wangu akaonja, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mke wangu, umewapelekea watu mboga!"

Sikucheka. Nikajifunga khanga nikaenda kwa jirani palepale, kabla sijapata muda wa kutunga kisingizio.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mwalimu. Karibu ndani."

"Dada, zile chokoleti za Idi mlizila?"

"Tulizila zote."

"Zilikuwa zinanuka samaki."

Akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. "Sie tukajua ndo zinavyokuwaga za kwenu bara!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Umejibanika jikoni na joto lile kwa ajili ya wanangu. Yule mdogo alitaka kutema, nikamkazia macho, nikamwambia meza."

Nikaomba radhi. Naye akanipiga kofi dogo la paja, kama mtu anayefukuza nzi.

"Acha hizo. Kwani wewe tambi zangu si unakula? Mie najua huzipendi. Nakuonaga uso wako nikikupa sahani. Lakini unakula, na kesho yake unaniambia tamu. Hata wanangu niliwaambia siku ile, kama mwalimu anavumilia tambi zetu miaka yote hii, nyie chokoleti mbili zitawashinda?"

Nikainamisha kichwa. Ukweli ulikuwa umenijaa mdomoni, na mlango wa kuutolea alikuwa ameufungua mwenyewe. Ningesema neno moja tu. Alikuwa ananitazama kwa mapenzi, anasubiri tucheke wote wawili.

"Nakula, dada," nikasema. "Mbona nimezizoea."

Akafurahi. Akaniambia basi nisisubiri Ramadhani, Jumapili ijayo atanipikia sufuria nzima, na atakuja tule wote.