Mnyama Aliyesingiziwa Mama Mkwe

Wiki iliyopita nilikuwa katika duka la intaneti hapa Bujumbura, nikisubiri barua pepe ifunguke. Kando yangu mama mmoja wa mtaa wa Carama, aliyekuwa amepanga foleni, alikuwa akimweleza dada mhudumu shida yake.

"Nitafutie munyama mwenye anakula kuku zangu. Majirani banasema ni mama-mukwe wangu anamutuma kwa uchawi. Banataka tumufukuze mu quartier."

Dada akafungua kwenye kompyuta atlasi ya wanyama wa Burundi. Picha zilishuka polepole, mstari kwa mstari. Kwa mbweha mama alitikisa kichwa, kwa nguchiro vilevile. Halafu akaweka kidole kwenye kioo.

"Ni huyu. Madoa-madoa, mukia murefu wa pete-pete. Nilimuona asubui juu ya ukuta."

Dada akamsomea maelezo ya Kifaransa kwa Kiswahili: ni kanu, hupanda miti, hula panya na ndege, huishi hata karibu na nyumba za watu.

"Baliandika mutu mwenye anamutuma?"

"Apana, mama. Anajituma mwenyewe."

Mama akacheka, akaomba nakala mbili. "Moja ya majirani. Ingine ya mama-mukwe, juu hata ye mwenyewe ameanza kuamini ni yeye anamutuma."

Juzi nilimkuta sokoni akinunua waya wa banda la kuku. Mama mkwe yupo nyumbani, akasema, na majirani wengine wamekuja kuomba waazimwe ile karatasi.

Miaka hii ya vita tumekuwa hodari wa kumjua mbaya wetu kabla ya kuuliza. Mama huyu alipanga foleni akauliza.