Mzee Aliyekaa Nipime Tairi

Wapo watakaosema nilivuta kitu siku ile. Sivuti, sinywi, na ilikuwa alasiri, jua linawaka, katika gereji yangu hapa Bagamoyo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Rafiki yangu Altafu ana duka la vifaa vya ujenzi. Marehemu baba yake alimwachia gari la michezo la zamani, viti viwili, limelala chini. Lilitoka kiwandani na tairi nyembamba, rimu za inchi kumi na tatu. Altafu akaniletea rimu za kumi na tano na tairi pana, ati lipendeze. Kesho yake alitaka kumpeleka mkewe, mjamzito wa miezi saba, kwa wazazi wa mwanamke huko Kiwangwa.

Sasa elewa jambo moja: gari tupu hudanganya. Tairi pana haigusi kitu mpaka mtu akae, springi zishuke, ndipo uone kama madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, yataikata. Nikafunga moja upande wa abiria, nikawa natafuta mtu wa kumkalisha.

Akapita mzee mmoja, kanzu safi, sura sijapata kuiona. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unataka mtu akae? Nitakukalia."

Mzee mnene, nakwambia, kilo mia zinafika. Akaingia, akakaa, akafunga mlango. Nikachomeka vidole juu ya tairi. Vitatu vikapita, vilevile kama gari likiwa tupu.

"Zinaenea?" akauliza.

"Zimeenea, mzee."

Je, sikushtuka? Nilishtuka, na nywele zilinisimama. Lakini, Mungu anisamehe, nami nilizipenda zile tairi pana. Nikajiambia springi za zamani ni ngumu. Kuinua macho, mzee hayupo, na mlango sikuusikia ukifunguliwa. Nikafunga zote nne, nikampigia Altafu kwamba ziko tayari.

Asubuhi akaja na mkewe. Yule dada ni mwembamba, hata na mimba yake. Alipokaa tu, gari likashuka, hata kidole kimoja hakipiti juu ya tairi.

"Shuka, shemeji," nikasema. "Altafu, turudishe za zamani."

"Jana ulisema zimeenea. Ulizipima au hukuzipima?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilipimia mzee asiye na uzito? Niliona haya. Nikasema nilizipima, ila aende polepole. Akaondoka.

Tairi ya upande wa shemeji ilipasuka konani, karibu na Kiwangwa. Wao walipona. Mtoto hakupona.

Nilikwenda kutoa pole, nikamsimulia Altafu yote. Alinisikiliza hadi mwisho. "Hata kosa lako umelitafutia jini," akasema, akaingia ndani. Hajasema nami tena.

Basi nakuusia wewe. Mgeni akijitolea kukukalia, litazame gari linavyoshuka. Lisiposhuka, mwambie mwenye gari palepale, hata akikuona mwendawazimu. Mimi nilinyamaza nionekane mzima wa akili, na yule mtoto hata jina hakupata.