Chupa Iliyojazwa Mpaka Shingoni

Pikipiki ile nilikuwa naiita mke mwenzangu, na sikuwa natania sana. Mume wangu aliinunua mnadani Kibaha, mkandarasi mmoja wa barabara alipomaliza kazi yake, akaja nayo kijijini kwetu Masaki, Kisarawe. Ilikuwa pikipiki ya porini, ndefu, ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na injini yake ilikuwa imechezewa. Fundi wa mkandarasi alikuwa amekichonga kichwa cha silinda ili petroli ibanwe zaidi kabla ya kulipuka. Kwa hiyo ilipanda vilima na gunia la korosho nyuma kama haikubeba kitu. Lakini ilikuwa na masharti kuliko mganga: ilitaka supa, ile petroli ya daraja la juu, tena supa safi.

Miaka ile petroli ilikuwa sawa na sukari na sabuni. Ikionekana, mtu anapanga foleni kwanza na kuuliza baadaye. Mume wangu hakuwa hivyo. Wenzake waliponunua chochote walichouziwa na madereva kule Mbwawa, yeye alimimina kidogo kiganjani, akangoja. Petroli nzuri hupoza kiganja, ikakauka, ikabaki harufu tu. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha utelezi. Akiusikia utelezi alirudisha kopo na kwenda zake, watu wakamwita mwenye maringo. Mimi nilimwambia kwamba anachagua mafuta kwa makini kuliko alivyochagua mke.

Nilikoma kumcheka siku tuliyokwenda kumtazama dada yake Pangani, huko huko Kibaha. Supa ilikosekana, akatia petroli ya kawaida. Tulipofika kwenye mwinuko injini ikaanza kugonga, mlio mkavu wa haraka haraka, kama kijiko ndani ya sufuria tupu. Alisimama pale pale. Alinieleza kwamba petroli dhaifu, au iliyotiwa mafuta ya taa, haiustahimili ule mbano, hulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni hupata moto mpaka ikatoboka au ikang'ang'ania ndani ya silinda.

"Iking'ang'ania tukiwa kasi," alisema, "tairi la nyuma linafunga, na sisi tunaokotwa."

Tangu siku hiyo kila nilipopanda nyuma yake nilitega sikio. Hata nyumbani, nikikoroga uji, kijiko kikigusa sufuria nilishtuka.

Kisha mtoto wetu akaugua. Alikuwa binti, wa pekee, ndio kwanza ameanza kusema maneno mawili matatu kwa pamoja. Homa ilianza Ijumaa, na Jumapili adhuhuri akapatwa na degedege, macho yakageuka juu. Hospitali ilikuwa Kisarawe mjini. Jumapili mchana magari ya watu yalikuwa hayaruhusiwi kutembea bila kibali, kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta, hivyo hata gari la kuomba njiani lisingekuwepo. Ilibaki pikipiki, na ndani ya tangi mlikuwa na petroli ya kulowesha kitambaa tu.

Habari ikaenea, na majirani wakafanya kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeitwa. Kila mwenye chochote alichokificha uvunguni alikitoa: mwenye duka alileta chupa moja, mpwa wa mwenyekiti akaleta nyingine. Mume wangu alijaribu kila chupa kiganjani kabla ya kutia oili, maana oili ikishaingia huwezi kujua tena. Zote mbili zilikuwa safi. Lakini hazikutosha. Zingetufikisha nusu ya njia, porini.

Hapo akaja bibi jirani yetu, mjane aliyekuwa akiishi peke yake, na chupa kaifunika kwa upande wa kanga. Petroli hiyo aliachiwa na mwanawe aliyekuwa utingo wa lori.

"Nimeijaza mpaka shingoni, baba," alimwambia mume wangu. "Mchango wa nusu chupa naona haya kuuleta."

Mume wangu alimimina kiganjani, akasubiri. Kisha akasugua kidole kwa kidole, akasugua tena. Nilimjua; nilijua kabla hajainua uso kunitazama. Watu walikuwa wamesimama kutuzunguka, na yule bibi alikuwa amemshika mtoto wangu mguu, anamsomea dua. Mchango haukataliwi, na hakuna anayeuliza umetoka wapi. Lakini si haya peke yake iliyomfanya aipokee. Bila chupa ile hatufiki. Nayo huenda tukafika. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, ingawa hawakutuambia nusu ikianza kukua mtu afanye nini.

"Ahsante, bibi," akasema, akaimimina yote. Akaongeza oili, na akaninong'oneza kwamba tutakwenda taratibu.

Tulikwenda taratibu. Mtoto nilimfunga kifuani kwa kanga mbili, kati yangu na mgongo wa baba yake, na joto lake lilinichoma kupitia nguo. Kwenye tambarare injini ilinguruma vizuri, nami nikaanza kuamini. Nilimshukuru Mungu mapema mno. Tulipoanza kupanda kuelekea mjini nikaisikia: moja, kimya, kisha mfululizo. Nilimgusa bega. Aliitikia kwa kichwa, alikuwa ameshasikia kabla yangu. Akapunguza moto, kugonga kukapungua, na pikipiki ikawa inatembea kama mzee. Ndipo mtoto akakakamaa tena kifuani kwangu. Baba yake aliusikia mwili ule ukimpiga mgongoni, akafungua mafuta yote.

Kilima kilikuwa kinakaribia kwisha injini ilipong'ang'ania. Tairi likafunga, tukaserereka mpaka kwenye mchanga wa kando. Hatukuumia. Tukaiacha imelala, tukakimbia kwa kupokezana mtoto, na barabara nzima ilikuwa nyeupe, haina hata baiskeli. Alikata roho mikononi mwangu, mapaa ya mji yakiwa yanaonekana.

Tulimzika Jumatatu. Usiku kucha nilikuwa na maneno ya kumwambia yule bibi, makali, nimeyapanga vizuri. Asubuhi shangazi wa mume wangu aliniambia kwamba bibi analala gizani tangu Jumapili. Petroli ya mwanawe ilikuwa nusu chupa, akaona haya, akakamua taa yake yote kuijazia.

Alipokuja kunipa pole aliketi mkekani kando yangu, akanishika mkono. Mume wangu alikuwa mlangoni, akajiinamia.

"Mwanangu," bibi akauliza, "yale mafuta yalitosha lakini?"

Maneno yangu yote yalikuwa pale mdomoni. Nilimwambia yalitosha, bibi, na yalibaki.