Siku Niliposhangilia Msiba

Tulikuwa kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, nyumbani kwa mmoja wetu huku Kiuu. Rafiki yangu wa miaka mingi akasimama, akasema jambo kwa sauti ya chini. Sikulishika. Nilikuwa nimezoea kubahatisha: wengine wakicheka, nacheka, wakinyamaza kama wanangoja kuitikiwa, naitikia. Basi nikatabasamu, nikasema, "Mungu asifiwe!"

Alikuwa ametuambia mumewe amepatikana na saratani.

Hakuna aliyenikemea. Aliyeketi kando yangu aliniandikia habari hiyo kwenye simu yake, nikasoma. Nilishindwa hata kuomba msamaha. Nilichukua kibeti changu nikaenda zangu, na sikurudi tena kwa kina mama.

Binti yangu, ninayeishi naye, akaanza kuogopa. Akiniuliza habari za unga, mimi namjibu za mvua. Siku moja akaniketisha. "Mum, twende hospitali Thika. Naona umeanza kusahau." Sikubisha. Mama yangu mzazi alikufa akiwa hanijui, na nilishaamini zamu yangu imefika.

Daktari alikuwa msichana mdogo. Aliniuliza maswali akinitazama, nikayajibu yote. Kisha akageuka kunawa mikono, akauliza lingine, nami nikabaki kutazama kalenda ukutani. Hapo ndipo alipojua. Nilipelekwa chumba kingine, nikavishwa vidude masikioni, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa sana bila kubonyeza.

"Shosho," daktari akaniambia baadaye, akinikaribia kama mjukuu anayemwita bibi yake, "kichwa chako kiko sawa kabisa. Ni masikio."

Nililia palepale. Binti yangu alilia kunishinda.

Nilipopata mashine ya kusikia, wiki ya kwanza nilichoka. Sufuria zilikuwa zinanipigia kelele, hata slipa zangu mwenyewe. Lakini nilienda kwa yule rafiki, nikamweleza kila kitu.

"Ai! Kumbe hukusikia?" akasema. "Mimi nilikuwa najiuliza nilikukosea nini."

Mumewe alikuwa ameketi mlangoni akiota jua, anaendelea na matibabu. Alicheka mpaka akakohoa. Rafiki yangu akaweka chai, akanisimulia safari zao za hospitali tangu mwanzo. Mara mbili nilimwambia, "Hapo sijashika, rudia," naye akarudia, bila kukasirika.